Wauza trela wa Marekani, taa nne ukutani ndiyo mita ya sola?

Wakuu, leo sinyamazi. Mlio huku Marekani mnaovuta trela kwenda kupiga kambi mtanielewa upesi.

Trela mpya, bei ya kutoa machozi, tangazo linajigamba "sola kamili kutoka kiwandani". Panda juu: paneli moja ya wati 200 imelala chali. Njoo mbele: betri moja ya asidi, ampea-saa 80 hivi (ndiyo akiba ya umeme inayobeba), na betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo cha kutumia ni 40. Halafu friji ya gesi wameiondoa, wameweka ya volti 12 ambayo peke yake inaweza kula ampea-saa 50 na zaidi kwa siku! Hapo hujawasha hita, na feni yake nayo inavuta ampea 7 hivi. Nenda jangwani Quartzsite, Arizona, mwezi wa Januari, uone kama utafika alfajiri.

Hayo ningeyameza kama ningekuwa naona kinachoendelea. Kinachonipandisha presha ni kile kibao cha ukutani cha taa nne, eti kinaonyesha betri imebaki kiasi gani. Mchana chaja inasukuma volti 14.4, taa zote zinawaka hata betri ikiwa hoi, kwa sababu kinasoma volti za chaja. Jioni friji ikianza kunguruma, taa mbili. Ikitulia, tatu. Hiyo ni mita au disko?

Nikawapigia walioniuzia. Kijana anajibu eti weka betri ya lithiamu, shida imekwisha. Imekwisha wapi? Volti za lithiamu hazishuki kirahisi: kutoka asilimia 80 hadi 30 unaona 13.3 ikienda 13.0 tu, halafu betri inajizima ghafla na wewe uko gizani. Kwa zile taa nne itaonekana imejaa mpaka dakika ya mwisho.

Kinachohitajika ni shanti, kipimo cha umeme wa betri. Inafungwa kwenye waya hasi wa betri, inahesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, asilimia unaisoma kwenye simu. Dola mia na kitu, kwenye trela ya makumi ya maelfu! Nimenunua, nimefunga mwenyewe, na hapo ndipo nikaona madudu ya kiwandani: waya hasi wa sola na wa jeki ya umeme ya mbele vyote vimebanwa moja kwa moja kwenye betri. Ukiacha hivyo shanti haioni hata ampea moja ya jua, inahesabu matumizi tu, jioni inakwambia betri imekwisha wakati imeshiba. Ilibidi nihamishe kila waya hasi upande wa pili wa shanti, mikono imechubuka, jua la utosi.

Waranti? Wamenijibu betri na nyaya zake "hazihusiki". Sola mmefunga ninyi, nyaya mmebana ninyi, hazihusiki vipi?

Kuna mdau aliyewahi kumbana muuzaji wake mpaka akalipa kazi kama hii? Aseme alipitia wapi. Na wa "ungesoma mkataba vizuri", pitieni nyuzi nyingine.