Majaribio ya kusawazisha mafaili yanaandika "IMEFAULU" wakati mafaili hayajafika

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika kutoka Kigoma mjini nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Ofisi yetu hupokea mafaili ya mahudhurio na ya stoo kutoka vituo vya Kasulu, Kibondo na Uvinza. Kampuni iliyotuuzia programu ya kuyasawazisha ilituletea pia folda ya majaribio, ikatutaka tuyaendeshe kila tunapoweka toleo jipya. Majaribio hayo, isipokuwa moja, hutegemea faili moja la fanksheni saidizi za sheli (programu inayosoma na kutekeleza amri zilizoandikwa), ambalo maelezo yake ya mwanzo yanadai kwamba linafanya kazi kwenye mashine yoyote. Dai hilo si la kweli, na sisi ndio tulioumia: toleo la mwisho lilipita kila jaribio kwenye seva yetu ya Ubuntu, kisha mafaili ya Kibondo yakawa hayafiki, na hakuna aliyejua mpaka mhasibu alipoyatafuta.

Nimelisoma faili hilo mstari kwa mstari. Fanksheni ya kulinganisha folda mbili inamalizika hivi, ambapo diff hutafuta tofauti na tee huonyesha matokeo huku ikiyaandika kwenye faili:

diff -r "$chanzo" "$lengo" | tee tofauti.log

Jibu linalorudishwa hapo si la diff, ni la tee, kwa sababu amri zikiunganishwa kwa alama ya | sheli huchukua jibu la ile ya mwisho, na tee ikishaandika faili lake hujibu sifuri, yaani kila kitu kiko sawa, hata kama diff imejaza skrini nzima kwa orodha ya mafaili yasiyoonekana upande wa pili. Kuweka set -e, yaani agizo la skripti kusimama amri inapofeli, mwanzoni hakuzuii jambo hilo. Chaguo la pipefail, linalofanya kufeli kwa amri yoyote ya mnyororo kuhesabiwe, lingesaidia kwenye sheli iitwayo Bash, lakini katika POSIX, yaani kanuni za pamoja za sheli, limeingia kwenye toleo la 2024 tu, kwa hiyo huwezi kulitegemea kila mahali. Dawa yake ni nyepesi mno: diff iandike moja kwa moja kwenye faili la kumbukumbu, jibu lake lihifadhiwe kwenye kigeu, ndipo kumbukumbu hiyo ionyeshwe.

Kosa linalofuata ndilo lililonikera kuliko yote:

if [[ $hali == mbovu ]]; then feli; fi

Skripti inaanza na #!/bin/sh, na kwenye Ubuntu, tangu mwaka 2006, hiyo ni dash, sheli nyingine iliyo nyepesi, wala si Bash. Dash haiijui [[, alama ya Bash ya kupima sharti. Inaitafuta kama amri ya kawaida, inaikosa, inalalamika kwa mstari mmoja, na kwa kuwa hayo yametokea ndani ya sharti la if, inahesabu kwamba sharti halikutimia na inaendelea na safari. Fanksheni ya feli haiitwi kamwe. Jaribio lisiloweza kufeli lina faida gani kwa mteja?

Mengine nayataja kwa ufupi: amri za sed -i (ya kuhariri faili) na stat -c (ya kusoma taarifa za faili) zimeandikwa kwa namna ya GNU, yaani ya zana za Linux, ambayo Mac haiikubali, declare -A (ya kutengeneza orodha yenye majina) inahitaji Bash 4 ya mwaka 2009, ilhali Mac huja na Bash 3.2, na $faili limeachwa bila alama za nukuu, hivyo "Mahudhurio Kasulu.xlsx" linageuka kuwa mafaili mawili ambayo hayapo.

Tulipowapigia simu, tuliambiwa kwamba mtandao wa Kigoma ni dhaifu. Jibu hilo ni la dharau. Majaribio haya hunakili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya mashine ileile, na mtandao hauhusiki hata kidogo. Lipo jaribio moja tu linalotumia cmp, amri ya kulinganisha mafaili mawili, bila kupitia fanksheni hizo, nalo folda zote mbili zikiwa kwenye flashi hufeli leo na kufaulu kesho, kwa sababu FAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye flashi hizo, huhifadhi muda wa mabadiliko kwa hatua za sekunde 2, nao wanabadilisha faili papo hapo bila kubadilisha ukubwa wake, huku programu ikitazama ukubwa na muda peke yake. Wangeliwekea faili la kwanza tarehe ya zamani kwa amri ya touch -t, tatizo lingekwisha.

Mfano mzuri wa kuiga upo wazi kwa kila mtu. Rsync, programu huria ya kusawazisha mafaili iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, kwa miaka mingi imekuwa na fanksheni yake ya checkit, ambayo hulinganisha kwanza orodha za mafaili pamoja na ruhusa na tarehe zake, kisha maudhui yenyewe. Na jaribio lisilowezekana kwenye mashine fulani hutoka na namba 77, likihesabiwa kuwa limerukwa, halihesabiwi kuwa limefaulu.

Ninachodai kwa kampuni hiyo, ambayo najua watu wake wanasoma hapa, ni kwamba fanksheni hizo ziandikwe upya kwa sheli ya POSIX, ziendeshwe kwenye dash na kwenye Mac kabla ya kutufikia, na kila moja iambatane na jaribio linaloharibu faili kwa makusudi ili tuione ikifeli kwa macho yetu. Hadi hapo watakapofanya hivyo, toleo lao haliingii kwenye seva yetu, na ankara yao inabaki mezani kwa mhasibu.