MJADALA: Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Dar es Salaam, zikiisha, wenye viwanja wanabaki na nini?

Wakuu, juzi nilikuwa natoka Msimbazi nakatiza mitaa ya ndani kwenda Mnazi Mmoja, nikakuta nyumba nyingine ya Kiswahili imezungushiwa mabati. Mnaoijua Kariakoo mnajua kinachofuata: katapila, shimo, nguzo, kisha ghorofa yenye fremu za maduka chini hadi juu. Naomba tujadili: hizi chache zilizobaki ziachwe zote ziende? Na zikienda, familia yenye kiwanja inabaki na nini mkononi?

Msimamo wangu nausema mapema. Ghorofa zijengwe. Ninachokipinga ni mwenye kiwanja kutolewa Kariakoo kwa mkataba asiouelewa.

Wapo wanaosema pale ni sokoni tu, hakuna cha kuhifadhi. Hapana. Mitaa ile iliyonyooka waliichora Wajerumani iwe makazi ya Waafrika, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa katikati ili sisi tukae kwetu na Uhindini kukae kwake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, jumba la soko lililojengwa na Wajerumani wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalitamka Kariakoo. Kwa hiyo kila konda akiita “Kariakoo, Kariakoo!” anawataja watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu, na maelfu yao hawakurudi makwao. Mtaa wa Lumumba ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Soko la mwaka 1975 alilichora Mtanzania, Beda Amuli, paa lake kama miavuli ya zege, na chini yake Shimoni, soko la chini ya ardhi. Moto ulipolishika usiku wa Julai 10, 2021, wengi tulilia kama tumefiwa.

Sasa tuje kwenye nyumba. Ya bibi yangu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, ua nyuma wenye jiko na kisima kilichofukiwa. Barazani kulikuwa na mashimo ya bao yaliyochimbwa kwenye saruji yenyewe, yamelainika kwa vidole vya wazee hadi yanang'aa. Vyumba vinne vilipangishwa, na kodi ile ndiyo iliyotusomesha mama zetu na sisi. Bibi alikuwa anaketi pale baada ya alasiri, na hakuna msiba, harusi wala ugomvi wa mtaa uliompita.

Alipokuja mwekezaji na dalali wake, makubaliano yalikuwa hivi: yeye anajenga, fremu zote za chini anazichukua kwa miaka kadhaa arudishe pesa yake, sisi tunapewa nyumba mbili ghorofa ya sita. Karatasi ilisainiwa na wajomba wawili. Mirathi ya babu ilikuwa haijafunguliwa. Lifti ilifanya kazi mwaka wa kwanza tu, na bibi mwenye magoti mabovu akawa anashuka siku ya Idi na siku ya hospitali. Akafia juu kule. Tulimteremsha kwa ngazi, watu wanane, kona baada ya kona, huku wateja wametubania njia na mabunda ya nguo. Mpaka leo zile nyumba mbili hazina hati. Miaka ya fremu ikiisha tutadai kwa karatasi ipi?

Nikisoma wachangiaji wanaosema “mmeuza wenyewe, msilalamike”, najibu: hatukuuza. Tuliingia ubia. Tofauti hiyo ina sheria yake. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, inayoruhusu kila mwenye sehemu kwenye ghorofa awe na hati yake. Ninachopendekeza ni kimoja: kibali cha kubomoa nyumba ya familia kisitolewe mpaka mirathi iwe imekamilika na mkataba utaje sehemu ya kila mrithi itakayokatiwa hati. Kama mwekezaji ana nia njema, hilo halimpunguzii tofali hata moja.

Na kuna suala la uhai wa watu. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo hii hii asubuhi ya biashara, likaua watu zaidi ya 20. Tulisikia simu zikilia chini ya kifusi. Serikali ikaagiza ukaguzi wa majengo. Lakini viwanja vile vilipimwa kwa nyumba ya vyumba sita! Ukichimba shimo kwenda chini kutafuta fremu za ziada, unachimba kando ya msingi wa jirani, umbali wa mkono. Mwenye nyumba ya jirani angepaswa kupewa michoro na kusikilizwa kabla ya jembe la kwanza, awe na ghorofa au na baraza.

Kuhusu kuhifadhi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kariakoo yetu ni changa kuliko hapo, kwa hiyo nyumba ya Kiswahili haina ulinzi mpaka waziri aitangaze. Sitaki mtaa mzima ugeuzwe makumbusho. Nyumba tano au sita zilizoshikana, zikarabatiwe, baraza ziachwe wazi, wenyewe wafungue mgahawa au duka la kanga humo ndani. Zanzibar watu wanalipa kuziona baraza.

Mdau mmoja ameuliza hapo juu, nani ataifidia familia inayokatazwa kujenga ghorofa? Swali zuri, na ndilo gumu kuliko yote niliyoyasema. Kwa maoni yangu wasamehewe kodi ya pango la ardhi, na fremu za soko jipya wapewe nafasi kabla ya wengine. Mwenye hesabu bora aiweke.

Na aliyeingia ubia wa namna hii akapata hati ya sehemu yake, tafadhali atueleze alianzia ofisi gani na ilimchukua muda gani. Wajomba wangu wamechoka, ila mimi bado nina miguu.