Tupeane uzoefu: mbinu za kupika nyama, samaki na mboga nyumbani (na vipimo tafadhali)

Mwiko Mrefu

Wakuu, mapishi yamejaa kila kona lakini mengi yanaishia "kaanga mpaka iive", basi. Uzi huu tuuweke wa mbinu tupu: unafanya nini, kwa kipimo gani, dakika ngapi, na kikiharibika kimeharibikia wapi. Nyama, samaki, mboga, vyote ruksa.

Naanza na chumvi kwenye nyama ya kukaanga au kuoka. Kilo moja ya mnofu inataka gramu 10 hadi 12 za chumvi laini, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Kipimo wengi wanakipata; kinachowaponza ni muda. Tia chumvi dakika ileile nyama inapoingia kikaangoni, au itie saa moja kabla na kuendelea. Kati ya dakika 10 na 40 ndipo pabaya, kwa sababu chumvi imeshavuta maji yakatoka juu na bado hayajarudi ndani. Ukiibandika hapo, inachemkia kwenye maji yake. Ukiwa na subira, maji yale yanayeyusha chumvi na kurudi nayo ndani ya nyama. Pande kubwa liache kwenye friji usiku kucha bila kulifunika, kwenye rafu ya chini kabisa lisije likachuruzikia chakula kingine. Ngozi ya juu inakauka, na kesho yake linashika rangi vizuri mno.

Kisu Kikali

Umenena vyema mkuu. Naongezea hapohapo kwenye maji.

Nyama haishiki ukahawia maadamu juu yake kuna unyevu. Maji yanachemka kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi na hayapandi zaidi ya hapo, wakati ule ukahawia wenye harufu unataka kama 140 kwenda juu. Kwa hiyo futa nyama kwa karatasi ya jikoni pande zote mpaka karatasi itoke kavu. Pasha kikaango kwanza, mafuta yafuate, nyama mwisho.

Halafu usirundike. Kikaango cha sentimita 28 kinatosha gramu 400 hivi za vipande kwa mkupuo mmoja, na kati ya kipande na kipande ubaki upenyo wa kidole. Sikio litakusaidia: nyama inayokaangika inalia kwa ukali, chwaaa. Sauti ikishuka ikawa ya kutokota na ukaona maji ya kijivu yanajikusanya pembeni, toa nusu ya vipande uongeze moto. Wala usikigeuzegeuze kipande kinachong'ang'ania chuma. Kikishapata ganda chenyewe kinaachia.

Kukata nako kuna ufundi wake. Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha pitisha kisu kwa kuzikatisha. Ukikata kwa kuzifuata, mlaji ndiye anayebaki na kazi ya kuzikata kwa meno.

Chungu Taratibu

Mimi nazungumzia nyama ngumu: shingo, kidari, muundi. Hizi zina kolajeni nyingi, ile mishipa myeupe inayonyumbulika. Kolajeni inaanza kuyeyuka na kuwa rojo kuanzia kama nyuzijoto 70, ila polepole sana. Nyuzi za nyama zenyewe zinakuwa zimeshajikaza na kukamua maji mapema kuliko hapo. Matokeo yake, nyama ya dakika 40 huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hapo ndipo watu wengi wanaongeza moto kwa hasira, na ndilo kosa lenyewe. Inachotaka ni muda.

Utaratibu: vipande vya sentimita 4, vikaange kwanza kama alivyoeleza Kisu Kikali, mimina maji ya moto yafike robo tatu ya kimo cha nyama, acha yachemke, kisha punguza moto mpaka uone mapovu mawili matatu tu yanapanda kwa wakati. Funika. Saa mbili hadi tatu, kutegemea umri wa mnyama. Kipimo cha kuiva ni uma: ukichoma na kuuzungusha, nyama inafunguka bila kupambana.

Kwa sufuria ya presha, dakika 35 hadi 45 zinatosha. Ila ukizima, acha mvuke ushuke wenyewe kwa dakika 15 kabla ya kufungua. Ukiutoa ghafla, mchuzi unachemka kwa fujo na nyama inachanikachanika na kukauka.

Papai Bichi

Kwa asiye na saa tatu: papai bichi. Kwaruza pamoja na maganda yake, kijiko cha chakula kimoja kwa kilo, pakaza, acha nusu saa hadi saa moja. Kimeng'enya chake kinavunja protini. Tahadhari ni moja tu, kinafanya kazi juujuu. Kukiacha usiku kucha hakulainishi ndani zaidi, kunafanya nje iwe ujiuji. Tangawizi mbichi na nanasi bichi nazo zina vimeng'enya vya namna hiyo. Nanasi la kopo halifai, limeshapikwa.

Mgeni Jikoni

Naomba msaada kwa samaki wa kukaanga. Kwa nini ananata na kuacha ngozi yote kikaangoni?

Ndoano

Mgeni, mara nyingi sababu ni mbili: samaki alikuwa na maji, au chuma hakijapata moto. Protini ya samaki ikigusa chuma cha uvuguvugu inajishikiza nacho kabla ganda halijatokea.

Fanya hivi. Mpare magamba, toa utumbo na mashavu, kisha kwa ncha ya kijiko kwangua ule mstari wa damu nyeusi ulioambaa na uti wa mgongo kwa ndani. Wengi wanauacha, na ndio unaoleta shombo kali kuliko kitu kingine. Mchanje mikato mitatu kila upande, kina kikaribie mfupa. Samaki wa nusu kilo atakula kijiko cha chai kimoja cha chumvi, ipenyeze ndani ya mikato. Dakika 20, kisha mfute akauke kabisa. Ukitaka unga, mpake mwembamba sekunde anapoingia kwenye mafuta. Ukimpaka mapema unageuka gundi.

Mafuta yafike nyuzijoto 175 hadi 190. Bila kipimajoto, chovya ncha ya mpini wa mwiko wa mti uliokauka: mapovu madogo ya harakaharaka yakiuzunguka, yapo tayari. Yakitoa moshi, yamepitiliza. Ukishamweka usimguse mpaka uone ukingo wa chini umekuwa kahawia. Mtikise kikaango kidogo, akiteleza, mgeuze. Ameiva pale mnofu karibu na uti unapoacha kung'aa na kuachana kwa mabamba.

Kuhusu ndimu: inaua shombo kwa sababu asidi inazishika zile kemikali zinazonuka. Kwa samaki wa maziwa na mito husaidia pia ile harufu ya tope. Lakini isizidi dakika 15, na baada ya hapo suuza na ufute. Asidi ikikaa inaukaza mnofu ukawa mweupe kama umepikwa, halafu motoni unakuwa mkavu na kumeguka.

Majani Mabichi

Mboga zinaonewa kwa kufunikwa. Majani yakichemka yanatoa asidi zake. Sufuria ikiwa wazi sehemu yake huondoka na mvuke, ikifunikwa inarudi majini na kugeuza kijani kuwa rangi ya mzeituni. Dakika 5 hadi 7 zinatosha kuharibu rangi. Chemsha maji mengi, lita 3 kwa nusu kilo, chumvi kijiko cha chakula kimoja, dakika 2 au 3, chuja, tumbukiza kwenye maji baridi. Ndimu na nyanya ziingie mwisho. Magadi yanatunza kijani, kweli, lakini yanalainisha majani kupita kiasi na kuharibu vitamini B1 na C. Siyapendekezi.

Kabichi, ukichemsha, ishia dakika 5. Baada ya hapo harufu ya salfa inazidi.

Chungu Taratibu

Nyongeza fupi: viazi vya mchuzini viive kabla ya nyanya. Asidi ya nyanya inazuia kuta za kiazi kulainika, utachochea saa nzima na kiini kiko vilevile. Na viazi vya kuchemsha vizima vianzie kwenye maji baridi, la sivyo nje vinapasuka ndani vibichi.

Mwiko Mrefu

Jamani, msiyeyushe nyama ya friza juu ya meza. Nje inaingia kati ya nyuzijoto 4 na 60, ambako bakteria wanazaliana, wakati ndani bado barafu. Iweke kwenye friji tangu jana yake. Kama una haraka, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, itumbukize kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, na ikiyeyuka ipikwe papo hapo. Kuku afike 74 sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Na kumwosha kuku mbichi chini ya bomba kunarusha vimelea kwenye sinki na vyombo. Mfute tu, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Majani Mabichi

Nimesahau uyoga na bilinganya. Uyoga ni maji karibu asilimia 90: anza na vijiko vitatu vya maji bila mafuta, moto mkali, unajikamua wenyewe, maji yakikauka ndipo mafuta na chumvi. Bilinganya ina matundu ya hewa yanayofyonza mafuta. Vipande vyake vinyunyizie chumvi, acha nusu saa, kamua kwa kitambaa. Matundu yanajifunga na mafuta yanayotumika yanapungua sana.

Kisu Kikali

Na kitunguu cha kahawia halisi ni dakika 30 hadi 45 kwa moto mdogo, siyo 10. Kikianza kunata chini, nyunyiza kijiko cha maji, kwangua, endelea. Kitunguu saumu kiingie mwishoni kabisa, sekunde 30 tu, maana kikiungua kinatia uchungu sufuria nzima na hakuna kiungo cha kuuondoa.