Kupandisha intaneti ya nyumbani hadi gigabiti: tupeane uzoefu wa gharama za ndani

Wakuu, matangazo hutaja bei ya mwezi tu, ilhali kifurushi cha gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) hukutana na ruta na waya za zamani. Kipi lazima kibadilishwe, kipi kiachwe?

Fundi Nyaya: Anza na kipimo. Kompyuta iliyochomekwa kwa waya ikigota kwenye Mbps 94 (megabiti kwa sekunde), mahali fulani pamebanwa kwenye 100: aidha tundu la ruta ni la megabiti 100, aidha waya una kasoro. Megabiti 100 hutumia nyuzi 4 za ndani ya waya; gigabiti hudai zote 8. Uzi mmoja wa kahawia ukilegea, mara nyingi vifaa hushuka hadi 100 kimyakimya, intaneti isikatike, na mwenye nyumba aendelee kulipia gigabiti. Kwa hiyo usikimbilie kuvuta waya mpya. Kata ncha zote mbili, bana vichwa vipya vya RJ45 (vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye ruta), rangi zipangwe hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue nyuzi zilizosokotwa zaidi ya sentimita 1.3. Kisha pima tena. Waya usio na kasoro hufika kama Mbps 940.

Mama Swichi: Naongezea kwa mkuu hapo juu. Waya wa daraja la Cat5e unatosha gigabiti hadi mita 100, wa daraja la juu kama Cat7 wa nini nyumbani? Hofia waya ulioandikwa CCA: ni alumini iliyovikwa shaba, hukatika kwenye kona. Kwaruza uzi kwa kisu. Ukiona weupe, urudishe dukani.

Mzee wa Faiba: Laini yenyewe ya faiba kwa kawaida haibadilishwi. GPON, mfumo wa faiba ya majumbani, hushusha gigabiti 2.488 na kupandisha 1.244, ila hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Pima saa mbili usiku kabla ya kulaumu ruta. Kichwa cha faiba cha kijani kisiunganishwe na cha bluu, mwanga hupotea.

Mama Swichi: Kwa waifai, Wi-Fi 5 (toleo la zamani kuliko Wi-Fi 6) ya antena 2 huandikwa Mbps 866; ukiwa chumba kimoja na ruta, tegemea 500 hadi 600. Wi-Fi 6 ya antena 2 huandikwa 1,201. Ukuta wa zege huikata vibaya, hivyo ruta ghali sebuleni haisaidii chumba cha mwisho. Afadhali waya mmoja na kisambazaji cha pili huko.

Fundi Nyaya: Na TV nyingi zina tundu la 100, hata mpya. Iacheni kwenye waifai ya 5 GHz (masafa ya kasi zaidi kuliko yale ya 2.4). Video ya 4K inatosheka na Mbps 25.