Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuhaririana insha za Kifaransa?

Mwalimu wa Kifaransa, Dodoma mjini

Ndugu walimu, habari za kazi. Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na darasa langu la kidato cha tatu ni kubwa kiasi kwamba insha ninazozikusanya mwanzoni mwa muhula huwa bado zimerundikana mezani mtihani wa katikati ya muhula unapofika. Kwa sababu hiyo nimeanza kuwataka wanafunzi wabadilishane rasimu na kuhaririana kabla kazi hazijanifikia.

Mambo mawili yananisumbua. Kwanza, wanaharibu kilicho sahihi. Mmoja aliandika « j'ai seize ans », muundo ulio mwepesi kwa Mswahili kwa kuwa naye husema ana miaka kumi na sita, lakini mwenzake akaukata na kuandika « je suis seize ans » kwa kufuata « I am » ya Kiingereza. Pili, wanaoneana haya, na chini ya kila insha utakuta maneno « kazi nzuri », hasa pale mwenye insha anapokuwa kiranja. Je, zoezi hili lina faida katika lugha ambayo hawaisikii kabisa nje ya darasa?

Mkufunzi wa ualimu

Mwalimu mwenzangu, nadhani unaitafuta faida upande wa mwenye insha, wakati sehemu kubwa yake iko kwa yule anayeisoma. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza Marekani. Kundi moja lilifundishwa kutoa maoni juu ya insha za wengine bila kupokea maoni yoyote, na kundi la pili lilifundishwa kuyatumia maoni bila kuyatoa. Waliotoa maoni ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa wale wa kiwango cha chini. Hao wako karibu zaidi na wanafunzi wako kuliko tunavyopenda kukiri.

Ukilikubali hilo, hofu ya « je suis seize ans » inapungua, ingawa haiishi. Mwondolee msomaji mamlaka ya kukata. Ashike penseli, apigie mstari anapotilia shaka, aweke alama ya kuuliza pembeni, kisha mwenye insha ndiye aende kuhakiki katika kitabu cha kiada au daftari lake. Tena usimwachie sarufi yote. Kama wiki hiyo umefundisha vitenzi vinavyoandamana na « être » (kuwa) katika wakati uliopita, atafute hivyo tu: je, msichana aliyeandika « je suis allé » (nilikwenda) amesahau kuongeza « e » ya mwisho, inayoonyesha kuwa mtenda ni wa kike? Mengine yote yahusu maana, kwa mfano mahali alipopotea, alichotamani kuelezwa zaidi, na kama aya ya pili inatokana na ya kwanza. Maswali ya namna hiyo hata mwanafunzi dhaifu anaweza kuyajibu kwa uaminifu.

Kabla ya hayo yote, fanyeni zoezi hilo pamoja ubaoni kwa kutumia insha isiyo na jina, ambayo umeiandika mwenyewe na kuitia makosa. Wanafunzi wasioonyeshwa namna ya kutoa maoni hutoa sifa, kwa sababu sifa hazigombanishi watu.

Mwalimu wa Kiingereza, Mpwapwa

Ninaunga mkono, ila niongeze kuhusu huko kuoneana haya. Mwache mwenye insha aandike maswali yake mawili mwishoni mwa rasimu, na msomaji ayajibu hayo kwanza. Akiombwa kusema, haonekani mjuaji. Mazungumzo yenyewe yafanyike kwa Kiswahili. Najua kuna shule ambako kusikika ukisema Kiswahili ni kosa la kuadhibiwa, lakini ukimtaka mtoto aeleze kwa lugha ngeni kasoro aliyoiona katika lugha hiyo hiyo, utapata kimya.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Wanangu, msiharakishe. Wanafunzi wenyewe wanaiamini kalamu ya mwalimu: Shuqiang Zhang alipowauliza wanafunzi wa Kiingereza katika utafiti wake wa mwaka 1995, wengi mno walichagua maoni ya mwalimu kuliko ya wenzao. Mzazi naye hufunua daftari akitafuta wino mwekundu, na chumba cha mtihani wa kidato cha nne hakina mwenza wa kubadilishana naye karatasi.

Kuna na jambo la lugha yenyewe. Katika insha za Kiswahili tumezoea kumwambia mtoto asome kwa sauti ili makosa yajitokeze, na ushauri huo unafaa kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Katika Kifaransa, « il parle » (anazungumza) na « ils parlent » (wanazungumza) hutamkwa sawasawa. Sikio halimsaidii mwandishi wala mwenzake. Ni lazima jicho lifundishwe kumtafuta mtenda kisha kuutazama mwisho wa kitenzi. Kwa hiyo mimi ningeanza na mwanafunzi kujihariri mwenyewe, na za wenzake zifuate baadaye.

Mwalimu wa Kifaransa, Dodoma mjini

Shikamoo, mzee. Hoja ya sikio nimeipokea, maana ndiyo inayoeleza kwa nini makosa ya wingi yanapita mikononi mwa wasomaji wawili bila kuonekana. Ila kuhusu mtihani natofautiana nawe kidogo: anayezoea kuitilia shaka kazi ya mwenzake huenda akaitilia shaka na yake atakapokuwa peke yake. Nitaanza na insha ya ubaoni, kisha penseli. Swali lililobaki ni la alama: je, msomaji ampe mwenzake maksi?

Mkufunzi wa ualimu

Hapana, maksi zibaki kwako, la sivyo urafiki utaingia katika hesabu. Kusanya rasimu ya kwanza ikiwa na alama za penseli pamoja na insha ya mwisho, kisha tenga maksi chache kwa ajili ya msomaji, kulingana na jinsi maswali yake yalivyo makini, hata kama mwenye insha hakuyafuata.