Naomba ushauri: trekta dogo kwa shamba la ekari 6, Mkuranga
Wakuu, habari za kazi. Naishi Mbagala, na shamba langu liko Mkuranga, lenye mikorosho na minazi iliyosongamana kiasi kwamba trekta kubwa la kukodi haligeuki bila kuchubua mashina. Nafikiria Kubota lililotumika kutoka Japani, la nguvu farasi kati ya 20 na 30, linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwani bondeni udongo ni wa mfinyanzi na wakati wa masika hunasa hata pikipiki. Shaka yangu kubwa ni vipuri: je, filta na sili za haidroliki (mipira ya kuzuia mafuta yenye shinikizo yasivuje) hupatikana Kariakoo, au ni mpaka kuagiza? Tena, tela la maji la lita 1,000 likijaa hupita tani moja. Trekta jepesi namna hiyo litalizuia mteremkoni?