Tajiri anatugharamia mimi na mpinzani wangu. Nizishike pesa zake?

BintiLikoni

Asalaam aleykum, hamjambo nyote. Naomba ushauri wa kweli, maana silali.

Nina miaka 31, nakaa ng'ambo, Likoni, Mombasa. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Akina mama wa chama chetu cha akiba wameniomba nigombee uwakilishi wadi 2027. Wanataka jambo moja tu: njia ya kushukia pwani, ambayo wavuvi wetu wamezungushiwa ukuta.

Mwezi uliopita aliniita mfanyabiashara mmoja wa mjini. Kahawa, halua, heshima zote. "Mwanangu, wewe una watu, mimi nina uwezo." Akaahidi mabango, fulana na pesa za maajenti, wale wa kunilindia kura vituoni. Hakuomba kitu. Nikapanda feri moyo mweupe.

Juzi nimekwenda Mwembe Tayari kuangalia fulana zinazochapishwa. Mezani kuna marundo mawili: moja lina uso wangu, la pili lina uso wa mpinzani wangu, wa chama chengine kabisa. Kijana wa duka akanipa risiti nimpelekee mzee. Fulana 400, 200 zangu na 200 zake. Risiti ni moja na mlipaji ni mmoja.

Mikono ilinitetemeka. Ikiwa akishinda huyu ni wake, na akishinda yule ni wake, hawa watu wanaopanga foleni toka alfajiri wanachagua nini? Nizichukue, nizikatae, au niache siasa nirudi kwenye karai langu?

NahodhaMstaafu

Mwanangu, tangu vyama vingi virudi kwenye kura 1992 nimeona rangi zikibadilika, lakini wanaolipia mafuta ya magari ya kampeni ni wale wale. Mvuvi akitega madema mawili hajali samaki aingie lipi. Chama si shughuli yake, anamtaka yeyote atakayetoka na kiti. Usiguse.

Kijana_Mtongwe

Kwa heshima zako baba, ni rahisi kusema. Asipozichukua, mwenzake atakuwa na magari na leso za kugawa, yeye atabaki na miguu yake. Dadangu, chukua, kisha fanya la wavuvi.

MamaLeso

2022 nilipokea leso na mia mbili. Leso imechanika na njia ya pwani bado ina ukuta. Nilikuja kujua baadaye kwamba kisheria kosa ni la anayetoa na la anayepokea pia. Mwanangu, nakuomba usiniletee leso nyengine.

Mwanasheria_Pwani

Sheria ya fedha za kampeni ipo tangu 2013. Agosti 2021 IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilitangaza viwango vya juu vya matumizi, cha urais shilingi bilioni 4.4, wabunge wakavikataa. Uchaguzi wa 2022 ukaenda bila kikomo. Wabunge wa pande zote mbili, dada, kwa hiyo uliloliona mezani si jambo geni.

Lakini mlango wenyewe si ghali. Ada ya IEBC kwa mwakilishi wadi 2022 ilikuwa shilingi 5,000, wanawake nusu yake. Ukitaka kusimama kama mgombea binafsi, unahitaji sahihi za wapigakura 500 wa wadi yako, na usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Pesa inaliwa na maajenti. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo hesabu vituo vya wadi yako, kila kimoja na mtu wake.

Mwalimu_Tudor

Niongeze la mbali. Mwaka 2020 bilionea Michael Bloomberg alitumia karibu dola bilioni 1 za mfukoni mwake kutafuta tiketi ya urais ya chama cha Democratic kule Marekani, akaambulia ushindi mahali pamoja tu, visiwa vidogo vya American Samoa. Sisemi pesa haina nguvu, ina nguvu sana. Nasema wapigakura nao wamewahi kuikataa. Muulize mzee habari za ukuta kabla hujapokea hata shilingi.

BintiLikoni

Nimemuuliza. Akanyamaza kidogo, halafu: "Hayo tutayaongea ukishaingia."

Risiti nimemrudishia. Fulana sikuzichukua. Akina mama wanakutana Ijumaa baada ya Alasiri tuhesabu vituo na tuanze kukusanya sahihi, maana chama cha siasa nakiacha. Aliye Likoni na yuko tayari kusimama kituoni siku ya kura kwa chai na mahamri yangu, tafadhali aniandikie. Mpaka sasa tuko 11.